Karata za taroti, Kimbunga Hidaya na ngalawa ya mjomba: yaliyotokea barazani kwetu Bagamoyo

Kaskazi_Mwanana (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Kabla sijatukanwa: siuzi dawa, sipigi ramli, na mwisho wa uzi huu hakuna namba ya kutuma pesa. Ni kisa cha nyumbani kwetu Bagamoyo. Kirefu kidogo, mwenye kahawa amimine.

Nafanya kazi nyumba ya wageni huku Dunda. Mwaka 2023 mgeni mmoja aliondoka akaacha kiboksi chini ya mto wa kitanda. Tukamwandikia, kimya. Ilipofika miezi sita mwenzangu akataka kukitupa, nikamwambia lete. Ndani mlikuwa na jozi ya karata kubwa kuliko hizi zetu, 78, kila moja na picha yake. Mtu anaanguka kutoka mnarani. Mbwa wanabwekea mwezi. Mwanamke yuko uchi anamwaga maji kwa magudulia mawili. Hizo ndizo taroti. Kijitabu chake kinasema picha zilichorwa London mwaka 1909 na mwanamke anaitwa Pamela Colman Smith. Zikakaa kabatini kwangu, nikawa nazitoa umeme ukikatika, naangalia picha tu.

Sasa Hidaya. Mnakumbuka Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza siku nzima, boti za Unguja zikasimamishwa, watu wakanunua mishumaa. Kimbunga kikaingia Mafia, na usiku wa tarehe 4 kikaishiwa nguvu. Bagamoyo tuliguswa na pindo lake tu. Lakini pindo hilo lilitosha kuvunja ngalawa ya mjomba wangu.

Mjomba ni mvuvi tangu hajaota ndevu. Alhamisi nilimpelekea tangazo kwenye simu yake, nikampigia na kumpigia tena: mjomba, ivuteni juu kabisa, mpaka kwenye minazi. Akanijibu, "Simu yako haijawahi kulala baharini." Jumapili asubuhi nikamkuta amekaa mchangani. Ndubi moja, lile bao la pembeni linalozuia chombo kisipinduke, imekwenda, mtumbwi wenyewe umepasuka ubavuni kama muwa. Hakusema kitu. Na hakusema kitu Mei yote wala Juni yote. Ukimuuliza habari za ngalawa anakuuliza habari za kazi yako.

Naendelea hapo chini, simu ina asilimia nane.

pweza_mkavu

Nimewahi siti ya mbele. Ila nakuapia ukimaliza na "nifuate inbox" nakuripoti.

Ustadh_Magomeni

Dada yangu, kisa chako kina uchungu na mjomba namwombea Mungu ampe badala. Lakini suala la karata lina hukumu yake. Suratul Maida aya ya 90 imetaja pombe, kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli, yote pamoja, na ikasema yaepukeni. Ile mishale ilikuwa ni vijiti tu. Tatizo halikuwa kijiti, tatizo ni kukiuliza kijiti. Fikiri hapo.

Kaskazi_Mwanana

Nimepata chaji. Ustadh nakuheshimu, na neno lako "kukiuliza kijiti" ndilo hilohilo lililonikaa kichwani kabla sijazitoa mbele ya watu. Nilijiwekea sharti: karata hatuiulizi kesho. Kesho tunaisikiliza redioni kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, na safari hii walituambia kweli, sisi ndio tuliokuwa viziwi. Picha tunaiangalia kwa ajili ya jana.

Basi ilikuwa Julai, baada ya isha, umeme hakuna. Barazani tuko mimi, mama, mjomba na mkewe (mkaza mjomba ndiye mwenye nyumba ukweli usemwe), na wadogo wawili. Watoto wakaniomba zile picha. Nikazitandaza mkekani chini ya taa ya chemli. Mjomba alikuwa ameegemea nguzo anachokonoa meno. Akainama, akaokota moja, picha ya mkono unatoka kwenye wingu umeshika kikombe.

"Hii si ree ya kopa hii?"

Nikamwambia hapana mjomba, hii ni karata ya kizungu, hiki ni kikombe.

"Ndiyo. Kopa."

Akaokota nyingine, upanga. "Shupaza." Ile yenye sarafu ya dhahabu, "uru." Yenye rungu la mti, "pau." Mfalme kwenye kiti akamwita mzungu wa nne, bila hata kufikiri. Nikabaki nimeduwaa. Ile jozi ina mafungu manne kweli, vikombe, panga, sarafu na marungu, na huyu mzee ambaye hajawahi kuiona kayataja yote kwa majina ya kijiweni!

Usiku ule nikachimba. Majina yetu yote ni ya Wareno. *Copas* ni vikombe, *espadas* ni panga, *ouros* ni dhahabu, *paus* ni marungu. Mabaharia wao walitushushia majina na karata zenyewe, halafu baadaye zikatufikia karata zenye moyo na jani kama tunazocheza leo, sisi tukang'ang'ania majina ya zamani. Kwa hiyo kila mtu anayepiga karata chini ya mwembe Bagamoyo anauita moyo mwekundu kikombe na hajui. Hata "turufu" ni yao, *trunfo*. Na zile karata 22 za taroti zenye picha kubwa kubwa, Mnara, Mwezi, Nyota, zilianza kama turufu. Karne ya 15 huko kaskazini mwa Italia taroti ulikuwa mchezo wa kawaida, watu wanalana turufu wanacheka. Biashara ya utabiri ilikuja miaka mia tatu baadaye, Ufaransa.

Ustadh hilo halibadilishi aya, najua. Nasema tu mgeni huyu hakuja na sura mpya sana.

Bint_Chumbageni

Mimi wa Tanga, na mnajua mtu wa Tanga akisema "karata" wote mnaangalia mlango uko wapi 😂 Lakini hapo kwenye kopa umenikamata. Babu yangu Ngamiani alikuwa anasema "mzungu wa nne" nikadhani anamsema mzungu fulani wa mkonge.

Endelea, mnara mnara. Umetaja mtu anaanguka kutoka mnarani.

pweza_mkavu

Naanza kuamini hakuna inbox.

Kaskazi_Mwanana

Mnara haya. Ni turufu ya 16. Radi imepiga kilele, taji limeruka, moto madirishani, watu wawili wanaanguka kichwa chini. Hakuna mtu anayeitaka hiyo karata. Mdogo wangu alipoiona akasema, "Huu mnara wa misheni." Kwetu mnara ni ule wa kanisa la zamani, pale ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874 kabla ya kuvushwa bahari. Nikacheka. Baadaye sikucheka, kwa sababu nilikuja kukuta kwamba katika jozi za kale za Kifaransa karata hii haiitwi Mnara. Inaitwa *La Maison Dieu*. Nyumba ya Mungu.

Na Nyumba ya Mungu ya Bagamoyo ilishapigwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa 1868. Tarehe 15 Aprili 1872 kikaja kimbunga, kikalaza majengo yao, na Unguja kikang'oa mikarafuu shamba kwa shamba na kuvunja merikebu za Sultani Barghash bandarini. Pemba ikapona kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana karafuu mpaka leo tunaisikia Pemba. Mama yangu, mtu wa darasa la saba, kasema neno moja: "Kumbe kimeshawahi kuja." Akarudia. Sisi kwetu tumelelewa na msemo kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Bukini (Madagaska), huku havifiki. Mjomba alikuwa ndiye bingwa wa msemo huo. Akanyamaza tu, akaigeuza ile karata kifudifudi, mgongo juu.

Bint_Chumbageni

Subiri. Nyumba ya Mungu? Sisi mto Pangani unatoka kwenye bwawa linaloitwa hivyohivyo! Mto unakuja kwetu umeshapita Nyumba ya Mungu. Nywele zimenisimama hapa kitandani.

dira_na_kamba

Tulizeni nywele, ni jina tu. Niongeze kidogo upande wa hewa, maana nimesoma mambo haya.

Vimbunga havitukosi kwa baraka. Ili kimbunga kijisokote kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie, na msaada huo unapungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Bagamoyo iko nyuzi 6 na ushee kusini, yaani tuko ukingoni mwa eneo lake, na ukingo siyo nje. 1872 hiyo aliyoitaja. Lindi ilipigwa Aprili 1952, waulizeni wazee wa kule. Jobo Aprili 2021 ilitufuata ikafika imechoka. Kenneth 2019 ilipita Komoro ikaingia Cabo Delgado, mlango wa pili kutoka Mtwara. Halafu Hidaya. Ukizipanga hivyo msemo wa "huku havifiki" unakuwa aibu.

Na siku ile mlipewa zawadi hamkuijua. Tazameni kalenda ya mwezi: mwezi ulikuwa haujaandama, umebakiza siku kama nne. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka kuwa mafu, yaani yanajaa na kupwa kidogo tu. Mawimbi yale yangekuja na bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, soko la samaki mngelitafuta barabarani.

Kaskazi_Mwanana

@dira_na_kamba hilo la maji mafu mjomba alilisema kwa kinywa chake usiku uleule, na ndipo mlango ulipofunguka. Nawaandikia kama nilivyoona.

Kuna karata ya shupaza sita. Mashua ndogo, mtu amesimama nyuma anasukuma kwa upondo, mbele yake mwanamke kajifunika shuka na mtoto pembeni yake, na mbele yao panga sita zimesimama zimechomekwa ndani ya chombo. Wote wametupa mgongo. Kijitabu kinasema eti ni safari ya kuondoka kwenye taabu. Sikuwasomea kijitabu, na nashukuru sikuwasomea.

Mjomba aliishika ile karata akaisogeza karibu na taa. Akaanza kumkosoa nahodha. Amesimama pabaya, uzito wote nyuma. Huo upondo anausukuma upande mmoja, chombo kitazunguka. Akaweka kucha ya kidole gumba kwenye maji. "Unaona huku kuna viwimbi, huku kumelala? Huyu anapita kwa ndani, mwamba unamkinga. Anajua njia." Kisha akazihesabu panga. "Chuma hizi zimetoboa. Akizing'oa anazama. Itabidi aende nazo hivyohivyo."

Mkaza mjomba hakuinua kichwa, alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Na huyo mwanamke kwa nini haangalii nyuma?"

Mjomba akakaa kimya mpaka nikadhani hajasikia. Akasema, "Kwa sababu nilimwambia asiangalie."

Jamani sisi wote hatukujua. Usiku wa tarehe 4 yeye hakulala ndani. Upepo ulipochacha alitoka peke yake akaingia majini mpaka kifuani, akaikamata kamba ya ngalawa avute mwenyewe kile ambacho Ijumaa mchana vijana sita wangekivuta kwa bei ya chai. Mkewe kamfuata na tochi. Akamwambia geuka, usinione. Anasema alishikilia kamba muda, hajui muda gani, wimbi linamnyanyua linamweka. "Maji yalikuwa mafu," akasema, "ingekuwa bamvua nisingesimulia." Halafu akafungua kiganja chake kile cha kulia kwenye taa, kovu la kamba limekatiza kutoka kidole cha shahada mpaka chini, na miezi miwili mizima tulikuwa tunakula naye sinia moja hatukuliona.

"Niliachia kamba," akasema.

Mkaza mjomba akasema, "Ulichelewa kuiachia." Akaendelea na mchele wake.

Mtu_wa_Utete

Nimesoma nimesimama kituoni, daladala mbili zimenipita.

Mimi wa Rufiji. Sisi Aprili ile hatukungoja Hidaya, mto ulishatumaliza. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu alitaja Bungeni vifo 155 nchi nzima kwa mvua za El Niño, na kaya zaidi ya 51,000 zilizoathirika. Unasikia namba hiyo redioni uko juu ya kichuguu na godoro lako, unajiuliza mimi nimo kwenye 51,000 au wamenisahau.

Niulize kitu. Nimetafuta hizo picha mtandaoni baada ya kusoma uzi. Ipo moja tajiri ameshika mizani mkono mmoja, mkono wa pili anawadondoshea sarafu watu wawili waliopiga magoti. Hiyo ni nini?

Kaskazi_Mwanana

Uru sita mkuu. Pole sana kwa yaliyokukuta. Kijitabu kinasema ukarimu.

Mtu_wa_Utete

Ukarimu wapi. Hiyo ni foleni ya unga. Mizani anayo yeye, magoti unayo wewe, na jina lako lazima liwe kwenye karatasi ya mtu mwingine. Sisi jina la mama liliandikwa kimakosa herufi moja, akarudishwa mara mbili. Mchoraji huyo alishawahi kupanga foleni, nakuambia.

Watu wa msaada wangekuja na hiyo picha badala ya dodoso lao lile lenye kurasa nne, ningewajibu mpaka kesho yake.

Ustadh_Magomeni

Nimefuatilia kimya. Naomba nitenganishe mambo mawili. Mjomba kuzungumza ni jambo jema, na mke aliyesimama na tochi ana daraja yake. Sipingi hilo. Ninachohofia ni watakaosoma hapa wakaenda kununua jozi, mwezi wa kwanza wanaangalia jana, wa pili wanaangalia kesho, wa tatu wanamtaja jirani. Hapa Pwani tunajua kutaja jirani kunavyoishia. Vikongwe wameuawa nchi hii kwa kutajwa tu. Kwa nini isiwe picha yoyote? Kalenda ya ukutani ina picha.

Kaskazi_Mwanana

Ustadh hapo umegonga penyewe na sina jibu la kukushinda. Kalenda yetu ya ukutani ina picha ya friji 😅 lakini nimekuelewa. Ndiyo maana mimi binafsi nilishatoa karata ya Shetani na ya Mauti kwenye ile jozi kabla ya kuzileta barazani, kuna mtoto wa miaka saba. Na tulikubaliana mama ndiye hakimu: mtu akianza "hii inamaanisha fulani ndiye aliye..." karata zinarudi kwenye boksi. Imetokea mara moja, shangazi alipokuja kutoka Chalinze. Zilirudi.

Ila nadhani siyo picha yoyote. Ile ya mashua ingekuwa nzuri, imechorwa vizuri, mjomba angesema nzuri. Ilikuwa na kosa la kusahihisha. Mtu wa bahari hawezi kuliacha kosa la baharini lipite, na alipomaliza kumsahihisha nahodha alikuwa ameshajisimulia.

dira_na_kamba

Na ile ya mwanamke na magudulia? Hukusema.

Kaskazi_Mwanana

Nyota, turufu ya 17, inakuja moja kwa moja baada ya Mnara. Amepiga goti, gudulia moja anamwaga bwawani, jingine anamwaga nchi kavu. Kijitabu kinasema matumaini. Barazani kwetu ilipata wakati mgumu. Mkaza mjomba aliitazama akasema, "Anamwaga maji kwenye maji? Huyu hajawahi kukosa ya kunywa." Baada ya mvua zile kisima chetu kilitoa maji rangi ya chai wiki tatu, tukanunua dumu shilingi mia tano mia tano na kulibeba kichwani. Hakuna mtu pale barazani aliyekuwa tayari kusikia habari za matumaini kutoka kwa mtu anayemwaga. Tukaipita.

Bint_Chumbageni

Ngalawa je? Usituache hapo.

Kaskazi_Mwanana

Ngalawa fundi wa Mlingotini aliitazama akasema mtumbwi haufai, ndubi moja inafaa. Mjomba sasa anakwenda na chombo cha mtu, kwa mgawo. Mkaza mjomba karudi kwenye mwani wake, kamba zake nyingi zilichukuliwa siku ile lakini vigingi vilibaki.

Na karata sina tena. Mwezi wa tisa mjomba alikuja kuniazima "mara moja tu". Nikadhani anataka ile ya mashua. Jumamosi napita kijiweni nakuta wazee wanne chini ya mwembe wamezigawa, wanapiga arubastini! Turufu zote wamezitoa wamezifunga na raba bendi, Mnara ndiyo uko juu. Wamebaki na mafungu manne wanayoyajua, wanapigana kopa kwa kishindo mpaka vumbi linaruka.

Shida yao ni moja. Karata zetu kila fungu lina 13, hizi lina 14, kwa sababu kati ya kijana na malkia kuna mtu wa ziada amepanda farasi. Mjomba anashikilia kuwa anamla malkia, maana ana farasi. Mwenzake anasema farasi ni punda tu wa tajiri, analiwa na wote. Waliniita niamue, nikawaambia kijitabu nimekipoteza. Mpaka leo naandika hapa, kila wakifika kwa huyo mpanda farasi wanasimama, wanabishana, wanachanga upya.